Pumzi ya Nne ya Bibi Mkubwa

Methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" huonewa sana. Watu huitamka mgeni anapobisha hodi akiwa na mfuko mzito mkononi, tena huitamka macho yao yakiwa kwenye mfuko. Akija mikono mitupu, methali hurudishwa kabatini pamoja na vikombe vizuri. Lakini wahenga hawakusema mgeni njoo na mzigo. Walisema njoo, basi. Kwa maana mgeni, hata asipoleta kitu, huja na macho na masikio ambayo hayajaizoea nyumba. Mwenyeji huishi na ufa ukutani mpaka akauona ni sehemu ya ukuta. Mgeni huuliza siku ya kwanza ule ufa ni wa tangu lini. Asiyeamini na asikilize kisa hiki.

Palikuwa na binti mmoja aliyeugua ugonjwa wa gari moshi. Sisemi alilipenda, kwa kuwa kupenda kuna kiasi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa hatua chache tu kutoka stesheni. Mbele ya stesheni hiyo kiliegeshwa kichwa cha treni cha zama za mvuke, kimepakwa rangi nyeusi na kuzungushiwa mnyororo, hakijatoa moshi tangu kabla binti hajazaliwa. Binti alikulia humo. Akitumwa uzi, hupitia huko kwanza. Hukaa kwenye kiti cha dereva, akavuta vyuma vilivyoshikwa na kutu, akaunguruma kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma, na uzi ukachelewa. Mama yake aliwaambia wateja, "Wenzangu mabinti zao wanapenda watu wanaopumua. Wangu kampenda marehemu."

Alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea upimaji wa ardhi, mama alishukuru akidhani ugonjwa umepata dawa. Kumbe ilikuwa kuruka majivu na kukanyaga moto. Katika mji ule wa ugenini kulikuwa na reli fupi ya milimani, na juu ya reli hiyo kichwa cha mvuke kilikuwa hai, kinapumua, kinavuta abiria na watalii kila Jumamosi. Binti alipokiona mara ya kwanza kikiingia stesheni na mvuke umekijaa miguuni, alikaa chini kwenye jukwaa, palepale, akalia kwa furaha bila kumwonea haya mtu. Siku hiyohiyo aliandika barua kuomba apande katika chumba cha dereva. Hakujibiwa. Akaandika ya pili, ya tatu na ya nne. Ya tano ilijibiwa, nadhani kwa sababu watu wa ofisi walichoka kutafuta mahali pa kuziweka. Alipewa kibali cha safari sita, Jumamosi sita.

Karakana ya reli ile ilikuwa jengo refu la matofali, lenye madirisha yaliyopigwa moshi mpaka yakasahau kazi yake. Ndani mlinuka makaa ya mawe, oili ya moto na chai iliyochemshwa mara mbili. Spana zilitundikwa ukutani, kila moja na umbo lake limechorwa nyuma yake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana pengo lake lionekane. Kando ya mlango kulikuwa na meza, na juu ya meza daftari nene la jalada la kijani, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza lisitembee. Hilo ndilo daftari la kasoro. Jioni dereva huandika kilichoharibika, asubuhi fundi hutengeneza kilichoandikwa. Kisichoandikwa kilihesabiwa kuwa kizima.

Wenyeji wa mahali hapo walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa fundi mkuu, mwanamke mfupi aliyetembea na nyundo ndogo mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Wenzake walimwita Mama Spana. Wa pili alikuwa dereva mwenyewe, Mzee Saa Nne. Jina hilo alilipata kwa sababu treni yake iliondoka saa nne kamili asubuhi kwa miaka thelathini na minane, na watu wa mji walizirekebisha saa zao kwa honi yake. Alikuwa na desturi ya kugeuza kichwa chote anaposemeshwa, na watu walisema ni maringo ya madereva wa zamani. Wa tatu alikuwa mpwa wake, mchochea moto, kijana wa mabega mapana na maneno machache. Mzee alimlea tangu akiwa mdogo na kumfundisha kazi yote, toka kushika beleshi hadi kufunga breki.

Na walikuwapo mabibi wawili. Kichwa kikubwa cha mvuke kiliitwa Bibi Mkubwa, na kile kidogo cha dizeli, kilichosukuma mabehewa uani, kiliitwa Bibi Mdogo.

"Bibi Mdogo hanuni wala haombi maji kila saa," Mama Spana alimweleza mgeni siku ya kwanza. "Lakini umewahi kuona mtu akimpiga picha?"

Binti alimwamkia dereva, "Shikamoo, mzee." Mzee Saa Nne akageuza kichwa chote, akaitikia marahaba, akampandisha katika chumba cha dereva na kumwonyesha sanduku la mbao lililokuwa nyuma ya mchochea moto.

"Hapa ndipo kwako," alisema. "Usiguse kitu ambacho hukupewa. Humu ndani kasoro za Bibi Mkubwa hazitajwi. Ukiwa na la kusema juu yake, shuka, nenda ukaliseme nyuma ya tangi la maji."

"Kwani anasikia?"

"Mimi sijui kama anasikia. Ninachojua ni kwamba waliomsema mbele yake walirudi kwa miguu." Mpwa aliinamisha uso kuficha tabasamu. Mzee aliendelea, "La mwisho ndilo kubwa. Neno 'simama' ni la kila mtu aliyemo humu, hata la mgeni. Ukilitamka, nafunga breki kwanza, nauliza baadaye. Lakini ukilitamka bure, unashuka, na hupandi tena maisha yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee," alisema binti, na kwa furaha aliyokuwa nayo angekubali hata kupanda amefungwa kitambaa mdomoni.

Safari ile ya kwanza haisimuliki vizuri, ila nitajaribu. Mlango wa tanuri ulipofunguliwa, uso ulipata joto na mgongo ukabaki na baridi. Mpwa alichota makaa, akageuka, akatupa, akageuka tena, bila kumwaga hata punje, katika chumba kilichokuwa kikitikisika kama meza ya mguu mmoja mfupi. Mzee alitoa kichwa dirishani upande wa kulia, mkono mmoja juu ya mpini mrefu, na macho kwenye reli. Na Bibi Mkubwa alipumua. Kila gurudumu likizunguka mara moja, pumzi nne zilitoka kwenye bomba lake la moshi, nzito na zenye nafasi sawa, moja, mbili, tatu, nne. Binti alizisikia kifuani kabla ya masikioni. Kumbe marehemu wake wa utotoni alikuwa na sauti hii, na yeye miaka yote aliigiza vibaya.

Alifungua daftari lake akaanza kuandika pumzi zile kwa nukta. Nukta nne, nafasi, nukta nne, nafasi. Alijaza kurasa tatu. Mpwa alichungulia akauliza ni lugha gani ile. Tangu siku hiyo karakana nzima ilimwita Daftari, naye akaitika.

Safari ya pili na ya tatu zilipita kwa raha. Daftari alijifunza kusoma kipimo cha mvuke, kufagia vumbi la makaa, na kunywa chai ile bila kukunja uso. Lakini alichokuwa akikihesabia siku ni safari ya sita. Safari za kawaida zilikuwa za tambarare, na mabehewa matatu tu. Jumamosi ile ya sita ndiyo iliyokuwa siku ya safari ya kileleni, inayofanyika mara moja kwa mwaka. Bibi Mkubwa huvuta mabehewa manane, akapanda mlima mrefu, akapita daraja la chuma na mahandaki mawili yaliyotobolewa mlimani, mpaka ziwani. Kibali chake kiliangukia siku hiyo kwa bahati, na binti aliishika bahati hiyo kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kumwandikia mama yake kwamba akifa baada ya hapo asililiwe sana.

Katika safari ya nne aliona jambo katika nukta zake. Nukta ya nne ilikuwa ndogo kuliko wenzake. Alidhani mkono wake umechoka. Katika safari ya tano aliandika kwa uangalifu, na mambo yakawa wazi: moja, mbili, tatu, kisha kimya kidogo, ndipo nne, hafifu, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo hakuitegemea. Bibi Mkubwa alikuwa akichechemea.

Waliposimama kujaza maji alimnong'oneza mpwa, "Kaka, huyu mbona anachechemea?"

Mpwa alimshika mkono wa shati, akamvuta hadi nyuma ya tangi. "Si pale," alisema. "Masharti hukuambiwa?"

"Haya, tuko nyuma ya tangi. Anachechemea au hachechemei?"

Mpwa alitazama viatu vyake. "Mjomba angesikia. Mjomba ndiye sikio la karakana hii. Akisema mzima, Mama Spana anafunga sanduku lake, tunakwenda nyumbani."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi ni mkono tu, dada. Kazi ya mkono ni makaa."

Jibu hilo lilimkera Daftari kuliko uwongo. Jioni aliporudi bwenini, kabla hata ya kuoga, alimtumia mama yake mlio wa safari ile aliokuwa ameurekodi kwa simu, akaandika: "Sikiliza mpenzi wangu." Mama alipiga simu baada ya dakika kumi. Nyuma yake cherehani ilikuwa kimya, na hilo lilitosha kuonyesha kwamba amelitilia maanani.

"Huyo mpenzi wako anaruka mshono," alisema.

"Umesikia, mama?"

"Nina miaka ishirini na sita kwenye kiti hiki, nisisikie? Cherehani ikilia hivyo, skrubu imelegea. Tena inayozunguka, si iliyokaa. Ukiitazama unaiona imo, ukiigusa upande mmoja ni ngumu. Izungushe nusu, ndipo utaiona inacheza. Wamwambie fundi."

"Dereva mwenyewe hajasikia. Na nikisema, halafu nikawa nimekosea, ananishusha. Safari ya kileleni ni Jumamosi ijayo, mama. Nimebakiwa na hiyo moja."

Mama aliweka mkasi chini. "Mimi nikiruka mshono," alisema, "mteja anavaa suruali ya mguu mmoja mrefu, anakuja kunigombeza, yanakwisha. Wao wakiruka mshono inakuwaje?"

Daftari aliliwaza daraja la chuma.

"Basi shuka, mwanangu, ushuke u mzima," mama alisema, na cherehani ikaanza tena.

Jumamosi ya sita ilipofika, stesheni ilifurika. Watoto walibebwa mabegani, wazee walikuja na viti vyao vya kukunja, na stesheni masta alivaa koti la vifungo vinavyong'aa. Mabehewa manane yalikuwa yamekwisha jaa, yakimngoja Bibi Mkubwa atoke karakana, mita mia tatu nyuma, aje afungwe mbele yao. Saa ilikuwa tatu na nusu.

Daftari alimkuta Mzee Saa Nne akijifuta mikono kwa pamba. Alimwomba waende nyuma ya tangi la maji. Mzee alikwenda, kwa kuwa sheria ni yake, akasimama akiwa amegeuza kichwa chote.

"Mzee, nisamehe. Pumzi ya nne ya Bibi Mkubwa imechelewa. Ninayo kwenye daftari, na mama yangu amesikia kwenye simu."

"Mama yako ni dereva?"

"Ni fundi cherehani."

Mzee hakucheka, na hapo nampa heshima yake. Lakini shavu lilimcheza. "Binti, wewe una Jumamosi tano. Mimi nina miaka thelathini na minane. Jana nimempeleka uani na kumrudisha, na sikusikia kitu. Ukitaka, jioni tukirudi nitakupa kalamu, uandike mwenyewe kwenye daftari la kasoro." Akaangalia saa yake, akaondoka.

Hakuna mtu angemlaumu Daftari kama angeishia hapo. Alisema, hakusikilizwa, mzigo umemshuka. Alipanda akakaa kwenye sanduku lake, akajiambia maneno matamu. Alijiambia kwamba Mzee anajua, kwamba skrubu iliyostahimili wiki tatu itastahimili siku moja, kwamba atalisema tena jioni baada ya kuliona ziwa. Aliitaka safari ile kwa moyo wote, na wala hakujidanganya kwamba haitaki. Mpwa alifunga mlango wa tanuri. Mzee alivuta mpini, na Bibi Mkubwa akatoka karakana kuyaendea mabehewa.

Moja. Mbili. Tatu. Kimya kikarefuka kuliko Jumamosi iliyopita. Nne.

Kwa mbali, kwenye jukwaa, watoto walikuwa wakipunga mikono.

"Simama," alisema Daftari.

Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayeagana na kitu. Mzee hakuisikia, akiwa bado amechungulia dirishani. Daftari aliinuka, akasema tena kwa sauti ya kujaza chumba, "Mzee, simama." Mpwa aligeuka na beleshi mkononi. Breki zikafungwa palepale, makaa yakamwagika, na Bibi Mkubwa akasimama katikati ya uwanja, mita mia mbili kutoka kwa abiria wake.

Mzee Saa Nne alikuwa mtu wa neno lake: alifunga breki kwanza, akauliza baadaye. Mama Spana aliitwa. Alikuja na nyundo yake, akazunguka kichwa kizima akigonga bolti moja baada ya nyingine, ti, ti, ti, na kila moja ilimjibu kwa mlio wa kitu kigumu. Alirudi akipangusa mikono.

"Sijaona kitu," alisema taratibu, kwa kuwa alimpenda yule binti. "Zote zimekaza."

Mzee alitazama saa. Ilikuwa imebaki robo. "Shuka, binti," alisema. Hakusema kwa ukali.

Daftari alishuka na begi lake. Miguu yake ilipokanyaga changarawe alikumbuka maneno ya mama yake, izungushe nusu, akageuka.

"Nimeshuka, mzee, na sitapanda tena. Hilo limekwisha, sigombani nalo. Ila nina ombi moja la mtu aliye chini. Shuka nawe usimame hapa. Kaka amzungushe gurudumu mara moja mbele na mara moja nyuma. Wewe hujawahi kumsikiliza kutoka chini."

Labda ni kwa sababu ombi lilikuwa dogo. Labda ni kwa sababu hakuna dereva anayekataa kuambiwa amtazame Bibi Mkubwa akipita. Mzee alishuka. Mpwa alishika mpini kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya stesheni nzima, na mvuke ukaingia.

Mzee alitega sikio la kulia, lile la dirishani, kama alivyozoea. Bibi Mkubwa alipita polepole mbele yake. Uso wa Mzee haukubadilika. "Yuko sawa," alisema. "Mbona yuko sawa?"

"Geuka, mzee," Daftari alisema, akikumbuka jinsi anavyogeuza kichwa chote anaposemeshwa. "Msikilize kwa upande wa pili."

Mzee aligeuka. Mpwa alirudisha kichwa nyuma, taratibu. Midomo ya Mzee ikaanza kuhesabu peke yake, moja, mbili, tatu, halafu ikabaki wazi ikiisubiri nne. Ilipokuja, ilikuja kama mgeni aliyekosea nyumba. Mzee aliinua mkono, kichwa kikasimama. Kisha alifanya kitu ambacho wote walikiona. Alisugua vidole viwili karibu na sikio lake la kulia, kama mtu anayejaribu saa iliyokufa. Akavisugua tena. Akateremsha mkono.

"Tangu lini?" aliuliza, na hawakujua anauliza juu ya kipi.

Mpwa alishuka na kusimama mbele yake. "Mjomba, mimi nilisikia. Wiki ya tatu hii."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulinyamaza. Nikaona ukinyamaza wewe, basi masikio mabovu ni yangu."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia kutoka kwa mtoto aliyemlea hutamani ardhi ipasuke. Mzee alimwekea mpwa wake mkono begani, akauacha hapo.

Mama Spana hakungoja maombolezo. Gurudumu lilikuwa limezunguka nusu, na kile kimkono cha chuma kinachouambia mvuke uingie lini na utoke lini, ambacho mwanzo kilikuwa chini karibu na reli kimeelemewa na uzito wake, sasa kilikuwa juu. Alipangusa grisi, akaishika nati yake kwa vidole viwili. Ikazunguka. Hakuhitaji spana. Aliizungusha mara tatu, ikamwangukia kiganjani, akaiinua wote waione.

"Mlimani ingetoka yenyewe," alisema. "Kimkono kingeanguka, fito zinazozungusha magurudumu zingepiga chini kwenye mwendo, na mabehewa manane nyuma yanasukuma. Pale darajani." Akaenda kutafuta nati mpya.

Matengenezo yalichukua saa moja na nusu. Stesheni masta alikuja mbio akiwa ameshika kofia, akauliza awaambie nini abiria. Mzee aligeuza kichwa chote, na safari hii akaeleza sababu. "Nisemeshe upande huu, bwana. Ule mwingine haufanyi kazi. Waambie tulikuwa karibu kuwaua, mgeni akatuzuia. Na waambie kuanzia leo wasirekebishe saa zao kwa kunitegemea mimi."

"Yaani nikuite Mzee Saa Tano na Nusu?"

"Niite utakavyo, mradi nipo wa kuitika."

Treni ilipokuwa tayari, Daftari alikuwa ameketi juu ya begi lake kando ya tangi la maji, ameridhika kama mtu aliyelipa alichokuwa nacho chote na kukuta bei ilikuwa halali. Mzee alimwendea.

"Nilisema anayelitamka bure ndiye hapandi tena. Wewe hukulitamka bure. Sanduku lako linakungoja, mwanangu."

Katika chumba cha dereva kulikuwa na mabadiliko. Mpwa aliketi upande wa kulia, mkono juu ya mpini. Mzee alisimama nyuma yake, sikio la kushoto likielekea dirishani, na beleshi akalipokea mchochea moto wa akiba. Daftari alikaa kwenye sanduku lake. Bibi Mkubwa aliushika mlima na mabehewa yake manane, na pumzi zake zikagonga mawe ya mlimani zikarudi, nne, nne, nne, nzito, zenye nafasi sawa. Darajani wote wanne walizihesabu kwa midomo bila kuambiana. Walipotoka katika handaki la pili, ziwa likatokea chini yao lote kwa mara moja, na Daftari alipiga kelele ya furaha ambayo, masharti au si masharti, hakuna aliyemkemea. Aliurekodi mlio ule akautuma. Jibu la mama yake lilifika kabla hawajashuka: "Sasa huyo anashona."

Jioni, katika karakana, Mzee Saa Nne alilifungua daftari la kasoro. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilisema: hakuna, hakuna, hakuna. Aliandika chini yake, polepole, kasoro mbili. Ya kwanza: nati ya kimkono, gurudumu la kulia, imelegea, imetengenezwa. Ya pili: sikio la kulia la dereva, limekufa, wanaosikia wawe wanasema. Mpwa aliyasoma maneno hayo ya mwisho mara mbili, kisha akachukua nyundo ya Mama Spana bila kuomba, akaenda kugonga bolti za Bibi Mkubwa, akisema kwa sauti, mbele yake kabisa, ipi ameipenda na ipi hajaipenda.

Palibaki nafasi mbili za kujaza. Penye "aliyegundua" Mzee aliandika neno moja: Mgeni. Penye "matokeo" alishika kalamu kwa muda, akaandika: Wenyeji wamepona. Daftari hilo lipo hadi leo, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na anayetaka ushahidi akalisome mwenyewe: mgeni njoo, mwenyeji apone.